Mstari wa Bawabu

Tima ananiuliza, kalamu i mkononi,
"Bibi, huyu bawabu ana sifa gani?"
Mtihani ni Jumatatu. Swali lina alama ishirini.
Kijitabu cha mwongozo, cha mitumba, cha Mwembe Tayari,
kilichopigiwa mistari na mwenyewe wa kwanza,
kimeshamjibia: msaliti, mwenye tamaa, mwoga.
Maudhui: kikulacho ki nguoni mwako.

Namwambia, weka kalamu chini, nimimine chai.

Mimi sikuwahi kuonekana jukwaani.
Miaka kumi na minane nilikalia kigoda kibovu
nyuma ya pazia, ukumbi wa Tononoka,
kurunzi kwapani, tamthilia magotini,
kazi yangu kunong'ona
pale ulimi wa mtu unapokwama.
Sultani akisahau, nampa usultani wake.
Malkia akisahau, namrudishia machozi.

Watu husahau ovyo, nilidhani:
joto, uchovu, honi ya meli kutoka Kilindini.
Lakini bawabu!
Msellem, karani wa bandarini, alikwama hapo.
Baada yake Chirau, kinyozi wa Majengo, papo hapo.
Kisha Mutinda, mwalimu wa hesabu,
aliyehifadhi kwa ghibu namba za simu za ukoo mzima,
akafika mbele ya kadhi, minyororo mikononi,
akafungua kinywa,
na mstari haupo.

Mstari wenyewe mwepesi, mtoto angeushika:
"Nililifungua lango kwa dinari kumi."

Usiku mmoja stima zikapotea, tukaketi gizani,
Mwalimu Dzombo anajipepea kwa kofia.
Nikamuuliza. Akasema, "Ulimi una akili zake.
Rudi mwanzo. Soma alichoomba, si alichosema."

Nikarudi. Onyesho la kwanza, ukurasa wa tatu,
jambo dogo, huwa tunalikata tukichelewa:
bawabu anaomba ruhusa akamzike mamake.
Sultani anachagua zabibu. Hajibu.
Anapunga mkono, kama afukuzaye nzi,
na mazungumzo yanaendelea, habari ya vita.
Basi. Hakuna anayelitaja tena,
hata bawabu mwenyewe.

Nikazitafuta zile dinari, Tima, ukurasa kwa ukurasa.
Hakuna aliyezitoa, hakuna aliyezipokea,
hazikununua hata sanda.
Alizitunga palepale, mbele ya kadhi,
maana kuitwa mlafi ni nguo,
na kusema "nilimlilia mama" ni kusimama uchi
mbele ya watu waliokula zabibu.

Mwaka wa mwisho Msellem alirudi, mvi tele.
Bandari ilikuwa imemwachisha kazi
kwa barua ya mistari miwili.
Akafika kwa kadhi. Kinywa wazi.
Jicho lake likanitafuta kwenye upenyo wa pazia.
Mstari nilikuwa nao. Kidole changu kilikuwa juu yake.

Sikunong'ona.

Sijui kimya kile kilidumu muda gani.
Mtoto alilia safu ya nyuma, akanyamazishwa.
Muuza njugu mlangoni aliacha kutikisa sarafu.
Msellem akaitazama mikono yake
kama mtu aliyeombwa kitambulisho.
Kadhi, asijue la kufanya, akamhukumu vivyo hivyo.

Mwalimu Dzombo hakusema nami siku mbili.
Ya tatu akaja: "Mstari una mwenyewe, na si wewe."
Labda alisema kweli. Mpaka leo sijui.

Chai imepoa. Tima anatafuna kifuniko cha kalamu.
"Sasa, bibi, niandike nini?"
Andika tamaa, mwanangu, upate alama zako.

Akaandika tamaa, akaipigia mstari kwa rula.
Kisha pembeni, kwa penseli,
herufi ndogo za kumkwepa msahihishaji:
mamake alizikwa na nani?