Taa za Reli

Fundi Obuya amepanda ngazi,
penseli sikioni, utepe wa kupimia mkononi.
"Reli ya mita ngapi, Mama Akeyo?"
Nacheka. Neno hilo nalijua tangu utotoni,
baba akirudi kutoka stesheni ya Kisumu
na grisi kwenye kucha.

Sasa reli inapita darini mwangu,
nyembamba, nyeusi, haifiki hata Muhoroni,
na taa sita zimening'inia kama mabehewa
ya kusukumwa kwa kidole.

Muuzaji alinisifia za manjano:
"Hizi hupendezesha. Mteja hatoki mikono mitupu."
Najua. Zile za zamani zilipendezesha pia.
Chini yake Nekesa alichagua kitambaa cheusi ti,
mita nane, cha kumzikia mumewe kule Butere.
Kaburini, jua la saa sita likasema: bluu.
Hakurudi kugomba.
Alirudi kununua uzi,
na hilo ndilo lililoniuma.

Basi nipe nyeupe, fundi, isiyopaka poda.
Mbili zitazame meza ya kukatia,
tatu zigeukie rafu ya vitenge.
Usizikaze mno; Disemba napanga duka upya.

Na ya sita?
Obuya anangoja, bisibisi hewani.

Ya sita itoe. Na kile kipande cha reli ulichokata
usikitupe, kitatosha sebuleni Mamboleo,
pale ukutani ilipo filimbi ya baba.
Hiyo niwekee ya manjano.
Pale sina cha kuuza.