X Nyekundu

Ghorofa ya chini, Upper Hill, saa tatu usiku.
Nimezima taa zote ila ya darubini.
Fomu inasema: mwanamke, miaka ishirini na sita,
uso hufura asubuhi, mkojo una povu.
Kazi: msusi, Kenyatta Market.
Jina limefichwa nyuma ya namba. Ndiyo sheria yetu.

Wasusi wa soko lile ni mamia.
Ninayemjua ni mmoja, Mutheu,
na wiki tano zilizopita, vidole vyake vikiwa kichwani mwangu,
aliniambia kuhusu povu.
Alidhani jirani kamwaga sabuni ya unga
kwenye choo cha ploti.
Tukacheka. Nikamwambia, kunywa maji mengi.
Mimi, niliyesomea haya miaka minne.

Figo huchuja hivi.
Kuna seli zenye miguu, podositi,
zimekumbatia mshipa mwembamba kuliko unywele,
vidole vya hii vikipita kati ya vidole vya ile
kama wasusi watatu wanapovamia kichwa kimoja
ili mteja awahi harusi ya Jumamosi.
Kati ya kidole na kidole, mwanya.
Maji hupita. Chumvi hupita.
Protini huambiwa: rudi.

Natonesha rangi. Nasubiri. Nachungulia.

Kijani.
Kijani kwenye kuta, kijani pembeni,
kijani mahali pasipostahili taa.
Ni C3, mmoja wa ukoo wa komplementi,
protini za kinga zinazozurura damuni.
Kazi yake ni kupita na kupaka.
Ikimkuta bakteria humpaka alama,
na wabomoaji wakija hawaulizi neno.

Unazijua zile X nyekundu za kanjo
kwenye vibanda vya kando ya reli?
Unaamka, mlango wako una X.
Una risiti, una leseni, una watoto shuleni.
Tingatinga halijui kusoma.

Seli nazo zina vyeti vyao,
vimesimikwa juu ya ngozi:
huyu mwenyeji, mpite.
Vya huyu labda viliisha muda.
Labda mpakaji hakutazama.
Alama zikizidi, C5 inaamka, inawaita wenzake
hadi C9, wanashikana mikono duara
na katikati ya duara pana tundu.

Podositi haifi papo hapo.
Inakunja vidole.
Picha za ile mashine kubwa zitaletwa Alhamisi
lakini najua tutakachoona:
msuko umefumuka, kichwa kizima kimelala bapa,
na protini zinateremka chooni, povu, povu.

Hapa ningeandika adui, nikafunga faili.
Ila Daktari Gathecha huwa hataki haraka.
C3 hiyo hiyo, anasema, imeonekana pia ndani ya seli,
na huko huenda haibomoi chochote;
huenda inafagia, inaziba, inaisaidia seli kuishi.
Hatujajua vizuri, anasema, na anavua miwani.

Basi nikamfikiria yule mpaka X
akirudi kwake Kariobangi jioni,
akivua ovaroli, akiparamia paa
kuziba panapovuja juu ya kitanda cha mtoto,
kwa mkono ule ule, kucha zikiwa bado nyekundu.
Ukimfunga mikono yote miwili
nani atapanda paa?

Naandika: C3, chanya tatu, kwenye kuta za chujio.
Chini kuna nafasi ya maoni.
Naiacha.

Napapasa kichwa. Mistari imelegea,
nywele changa zinachungulia kwenye mizizi,
lakini msuko bado umeshika.
Kesho kabla ya zamu nitapita sokoni,
kibanda cha nne baada ya wauza nyama choma,
nione kama kile kiti cha plastiki cha bluu
kina mtu nyuma yake.