Mkaja

Daktari Mwikali aliniambia nisimame wima,
nitoe pumzi, nisijibane.
Akashika kalamu ya zambarau
akanichora nyonga hadi nyonga,
mstari kama nichorao mie kwa chaki
kwenye vitambaa vya watu.
Mkono wako mtulivu, nikamwambia, ungeshona.
Hakucheka. Nyali hawacheki mapema.

Njia ziko tatu, akasema.

Ya baridi: chombo hung'ata mafuta, huyagandisha,
hakuna kisu, hakuna damu, warudi kwa miguu yako
ukangoje miezi mitatu
kama mteja aliyeahidiwa nguo ya Idi
na fundi mwongo.

Ya mrija: vitundu vinne, mafuta yafyonzwe.
Hapo nilimkatiza. Nimejaza mito
tangu sijavunja ungo.
Ukitoa pamba, foronya haikazi:
hukunjana, hulala ubavu, hununa.
Akaweka kalamu chini.
"Ndivyo," akasema. "Ngozi yako haina mpira tena."

Ya kisu, basi. Kukata kilichozidi, kuvuta kilichosalia,
na ndani kule, misuli iliyoachana tangu pacha,
kuirudisha pamoja kwa uzi.
Kitovu kifunguliwe tundu jipya,
kama la kifungo.

Nilivuka daraja nimenyamaza.

Alipozaliwa Thureya, mama alinifunga mkaja:
kanga mbili, mafuta ya simsim,
goti lake ubavuni mwangu, "Toa pumzi! Tena!"
siku arobaini bila kukosa.
Twahir vilevile.
Walipokuja pacha, mama yuko Kikowani, chini ya mchanga,
na Idi imekaribia, na kanzu za watu ni sitini.
Siku ya kumi na nane nilikuwa mashineni.
Hakuna aliyenifunga. Hapo ndipo nilipofumuka.

Shebe asema haoni kasoro.
Haoni kweli; taa huizima yeye.
Wifi yangu Fathiya asema umbo la Mungu halichezewi,
asema hivyo na nyaya za daktari zametameta menoni.

Mwezi uliopita walikuja watu wa Kisauni kwa Thureya.
Wakaleta mahari, na kilemba cha baba, na mkaja wa mama,
bahasha yanukia udi.
Kilemba kimeshaingia kwenye deni la gari.
Mkaja uko ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya bobini.
Nunua bangili, wasema wote.
Fedha ya tumbo, niivae mkononi?

Haitoshi, najua. Nina ya chama.
Nilimpigia daktari kuuliza, baada ya kisu nini?
"Hutainua kizito. Utatembea umeinama kidogo,
na utavaa mshipi wa kukubana tumbo, wiki sita."
Nikahesabu kwa vidole. Siku arobaini na mbili.
Nikacheka mpaka akaniuliza kama niko salama.
Na nani ataukaza? nikasema.
"Yeyote uliye naye."

Usiku huu mstari wa zambarau haujatoka,
nimeusugua kwa sabuni, nimeusugua kwa dodoki.
Sijatia sahihi. Thureya amesimama juu ya kigoda
ndani ya gauni la harusi, tumbo lake ubao,
nami nina pini mdomoni.
"Mama, mbona umeacha kitambaa chote hiki ndani ya mshono?"
Inchi mbili, kila upande.
Nikatoa pini.
Simama wima, nikamwambia. Usijibane.