Viwiko

Vilikuja kwa posta, ndani ya bahasha ya mapovu,
viwili, vyeusi, vinene kama michi ya kutwangia iliki.
Rukia akaviweka mezani kando ya chai,
akauliza nimenunua nini tena
na kwa nini bei imekwanguliwa.
Nikasema: viwiko. Pikipiki haina viwiko.
Akasema: wewe unavyo,
na jaketi lako limetoboka vyote viwili.

Bi Ackroyd, mwenye gereji chini ya daraja la reli,
hakutaka nifunge mwenyewe.
Aliinua boliti kwenye taa kama anayekagua yai,
akanena kwa lafudhi ya Todmorden, inayomeza nusu ya maneno:
Hii imeshika injini, si pambo.
Ukikaza kwa hasira, itakatika.
Ukilegeza kwa huruma, itajitokea yenyewe njiani.
Kisha akaikwaruza plastiki kwa ukucha.
Laini. Vizuri. Inatakiwa iliwe.
Kisicholika hupeleka pigo ndani,
fremu ikapinda,
ukabaki na tangi zuri juu ya mzoga.
Aliwahi kuona kimoja kikinasa ukingo wa barabara,
pikipiki ikaruka
kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto.
Hakuna kinga ya bure, akasema,
akanidai pauni kumi.

Novemba. Saa moja kasoro, kiza bado.
Natoka zamu kiwanda cha biskuti, Halifax,
nguo zinanuka siagi na tangawizi,
nimeshapita Hebden Bridge, pale barabara
inapobanana na mfereji,
na majani yamelala lami, mapana, yamelowa,
ya mti ambao miaka sita sijaulizia jina lake.
Sikuwa na mwendo.
Hilo nililisema baadaye kwa kila aliyeuliza
na kwa wasiouliza.
Gurudumu la mbele likaniaga.

Sikusikia kishindo.
Nilisikia mkwaruzo, mrefu,
kama mtu anayeburura sanduku usiku
asitake kuamsha nyumba.
Pikipiki ililalia ubavu wa kushoto
ikateleza kwa kiwiko chake,
mimi nyuma yake,
kwa changu.

Tukasimama, kila mmoja pake.

Mwanamke mwenye mbwa akaja mbio,
akaniita kipenzi, kama wanavyomwita huku hata mdeni wao.
Uko salama, kipenzi?
Nikamjibu: Tangi limebonyea?
Akanitazama. Akalitazama tangi.
Halijabonyea, akasema. Wewe ndiye unayevuja.

Nyuzi kumi na moja.
Rukia alikuja kunichukua kwa gari la jirani,
hakusema neno mpaka nyumbani,
na ukimya wake ulikaza kila kitu
mpaka mwisho wa uzi.

Bi Ackroyd alipiga magoti, akapitisha kidole.
Mkono wa klachi umepinda. Kioo hakipo.
Fremu imenyooka kama siku ilipozaliwa.
Kiwiko kimeliwa nusu, mshazari, kama muwa uliokatwa,
na punje za jiwe la Yorkshire zimeng'ang'ania ndani.
Boliti akaitupa ndooni bila kuipima.
Kimefanya kazi yake, akasema,
kwa sauti ya mtu aliyehudhuria maziko ya asiyemjua.

Huuzwa viwili viwili, hata ukihitaji kimoja.
Nimefunga cha kushoto, kwa spana ya kupimia,
bila hasira, bila huruma.
Kile kilicholika Rukia anazuilia mlango wa jikoni.
Hakunisuta.
Ila Ijumaa nilikuta jaketi kitandani, jipya,
zito, lenye pedi viwikoni,
bei imekwanguliwa.

Ngozi yangu imeota upya, rangi ya chai ya maziwa,
na huwasha mvua ikikaribia,
yaani kila siku.
Kiwiko cha kulia kipo kabatini, ndani ya mapovu yake.
Bado sijaangukia kulia.