Penye Shariya

Bei niliisoma mara mbili kabla ya kumwambia:
riyali kumi na nne na baisa mia sita,
makala moja, saa ishirini na nne,
kisha mlango unajifunga.

Ami Hamduni akaweka kikombe chini.
"Saa ishirini na nne ni athari arubaini na nane,"
maana kwake athari si madhara,
ni nusu saa ya maji ya falaji
kabla hayajageuzwa kwa jirani.
Akahesabu, midomo ikimcheza.
"Baisa mia tatu na kitu kwa athari. Bei si mbaya.
Ila maji yenyewe, binti yangu, si yangu?"

Yalikuwa yake. Madaftari saba,
majalada ya kitambaa, pembe zimeliwa na mchwa,
wino wa babu yake, wa baba yake, kisha kalamu yake ya risasi:
nyota gani ilimpa nani zamu,
usiku wadi iliposhuka ikabeba ukuta na mbuzi kumi na mmoja,
siku pampu ya kwanza ya dizeli ilipotiwa huko juu
na maji yakapungua vidole viwili,
kisha vitatu,
kisha akaacha kupima kwa vidole.

Mtafiti alikuja na kamera, akakaa siku tatu.
Kijana mwenye adabu. Alikula harisi kwetu.
Ameandika vizuri, nadhani. Mimi nimeona muhtasari tu,
mistari tisa, na jina la kijiji limekosewa herufi.

Ami akanitoa nje, goti likimlia,
hadi pale falaji inapochomoza ardhini nyuma ya msikiti.
Wanapaita shariya.
Sisi tuliorudi Ibra na Kiswahili masandukuni, kutoka Wete,
tulidhani wanasema sheria,
na hatukukosea sana:
hapo hapana zamu wala mnada.
Mpita njia hunywa. Mtoto usiyemjua hujaza chupa.
Mbele kidogo ndipo mfereji unapogawanyika
na saa kuanza kuhesabiwa.
"Mwandikie," akasema. "Watu wanywe kwanza."

Nikamwandikia. Akajibu siku ile ile, amefadhaika:
makala si yake tena, alitia saini.
Kuifungua ni dola elfu tatu, na chuo hakina.
Lakini madaftari, akasema,
hayo hayajatiwa saini na mtu.

Basi Shaaban yote skana ya shule ililala kwetu.
Kurasa mia sita na kumi na mbili.
Fomu ikauliza: haki zote zimehifadhiwa?
Ami akasema, "Jina la babu libaki juu.
Yaliyobaki, wachote."

Kwenye ukurasa wa mia nne na kumi akanishika mkono.
Ule mwaka wa ukame. Mwandiko wake mwenyewe.
Zamu ya mjane Ghaniya imepunguzwa robo athari,
kila mzunguko, kiangazi kizima,
na robo ile imeangukia shamba la ndugu yake.
Ndugu yake ni baba yangu.
Nilikuwa na miaka sita. Nazikumbuka tende za mwaka ule,
khalasi nene, asali inakuganda mpaka kwenye kiwiko.
Watu walisema tumebarikiwa.

Skana ilikuwa ya moto, taa inapepesa, inangoja.
"Huu tuuruke."
Nilisema mimi, si yeye.

Akanyamaza. Nje mtu alikuwa akigonga jiwe la mfereji,
anafunga huku, anafungua kule.

"Mjukuu wa Ghaniya yuko Suhari," akasema. "Anajua kusoma?"
"Anafundisha."
"Basi."
Akaulaza ukurasa kwenye kioo
kwa mkono wake mwenyewe,
uso chini.