Kibaba Kilipojaa

Sinema ya Rustavi ina viti mia mbili na sita.
Jioni ile tulikuwa watu kumi na wanane, na paka wa mkata tiketi.
Nje theluji ilisitasita, ianguke au iende zake.

Filamu yenyewe ni hii:
Shalva Kobalia, mkusanya sarafu za lifti,
maana kwetu lifti haikupandi bure mgongoni,
unailisha tetri kumi kwanza, kama mbuzi mkaidi,
ndipo igune, ikupandishe.
Kila Jumatatu anafungua visanduku kwa ufunguo mdogo,
anamimina, anahesabu, anatia sahihi.
Miaka ishirini na tisa.
Haba na haba, naam, ila kibaba cha watu.

Kisha anashinda bahati nasibu,
kwa tiketi aliyopewa dukani badala ya chenji.
Hapo ndipo kichekesho kinapoota mkia:
benki, kwa kosa ambalo hakuna karani anayekiri ni lake,
inamletea utajiri wote kwa sarafu.
Malori matatu.
Dereva wa kwanza anateremsha kioo:
"Mzee, nimwage wapi?"

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.
Kikishajaa kiwekwe wapi, hawakusema.

Shalva anakaa ghorofa ya kumi na moja.
Lifti inaonja gunia la kwanza, inazama kidole kimoja, inagoma.
Basi magunia yanapanda ngazi kwa mabega ya majirani,
na kila jirani anabaki na moja, "la kumwekea tu".
Tsiala wa ghorofa ya nne anazuilia nalo mlango.
Mwalimu wa fizikia analining'iniza kwenye kamba, analitazama likibembea,
anaandika kitu, anafuta.
Yaliyofika juu yanailemea sakafu,
mpaka jirani wa chini, akiwa ndani ya beseni la kuogea,
anaiona dari ikimjia
polepole, kwa heshima.

Mkata tiketi alicheka hadi paka akahama.

Halafu likaja lile tukio.
Usiku, Shalva tajiri, peke yake mezani,
anaziosha sarafu kwa siki, moja moja,
anazinusa, anazikausha kwa taulo la uso.
Kamera haisogei. Dakika nzima.
Kicheko kikapasuka nyuma yangu kama mfuko wa njugu.
Mimi sikucheka.

Baba yangu, Nodari, alikuwa na ufunguo kama ule.
Majengo saba, kusini mwa kiwanda cha chuma.
Vidole vyake vilinuka shaba,
na mama alimwekea bakuli la siki kando ya mkate,
bila neno.
Alinawa. Alikula.
Siku yangu ya kuzaliwa alinipandisha lifti zote saba,
juu, chini, juu,
akitia tetri kumi na kuzitoa tena kwa ufunguo,
tetri zile zile,
akisema, "Leo wewe ni binti wa waziri, usiguse vitufe."

Mwisho wa filamu, sijui kama ni mwisho mwema:
Shalva anaweka karai la sarafu mlangoni pa lifti,
na karatasi: CHUKUA, PANDA.
Wiki ya kwanza watu wanachukua, wanapanda.
Ya pili wanachukua, wanapanda ngazi.
Ya tatu wanachukua karai.
Jumatatu anafungua kisanduku kwa ufunguo mdogo,
anakuta tetri kumi na kifungo cha koti.
Anahesabu. Anatia sahihi.

Taa ziliwaka, tukatafuta kofia zetu.
Kwetu lifti ilikuwa imeharibika, si jambo geni.
Nilipanda ghorofa nane kwa miguu,
sarafu imejifungia kiganjani.
Mlangoni nikaunusa mkono.
"Ilichekesha?" akauliza mume wangu, macho gazetini.
Nikamwambia, "Mno.
Tuna siki?"