Gauni la Łódź

Kiwanda kilishakufa, ila vumbi la pamba halijui.
Ukipiga chafya, unatema jasho la babu wa mtu.
Bogna anashona gauni la mita kumi na moja
kwa notisi za kufukuzwa nyumba;
kila mpangaji kaleta yake,
mwingine na sufuria ya supu ya bitiruti.

Wieńczysław, fundi bomba, ndevu na hereni,
ndiye atakayelivaa kesho,
apande ngazi za manispaa kinyumenyume,
pindo likiburura majina.
"Nikianguka?"
"Utaangukia kwetu."

Lugha yao, hata kitenzi cha jana
kinauliza: wa kiume au wa kike?
Bogna husita kabla ya kila "nilishona",
kama mtu anayetunga uzi gizani.
Mimi namwandika kwa Kiswahili:
alishona. Alicheka. Akajichoma sindano.
Yeye.
Basi.

Asubuhi, mvua. Wino ukaanza kuchuruzika.
Bibi wa ghorofa ya tatu,
aliyewahi kuwatemea mate ngazini,
miaka thelathini kiwandani,
akashuka na mwavuli, akainua pindo,
akalikagua kwa kidole gumba,
akasema mshono umepinda.